Aliyetangulia Kugonga Milango ya Kawale

Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, kuna watu ambao nikianza kusimulia habari hii wanatabasamu na kuangalia pembeni. Waache watabasamu. Mi nilikuwepo, nilikuwa na akili zangu, sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja pombe. Na Bahati, ambaye utamsikia sasa hivi, bado yuko hai. Nenda ukamuulize.

Ilikuwa miaka ya vita kule kwetu Congo, wakati malori yalikuwa yakishusha watu wapya wa Uvira na Fizi kila mara. Mimi na mama tulikuwa tumeshafika, nikawa nashona nguo kambini. Bahati, mume wa marehemu dada yangu Faida, alipata ruhusa ya kukaa mjini Lilongwe. Alipanga nyumba Kawale, akawa anauza viatu vya mitumba soko la Tsoka.

Huyo Faida njo nikueleze kidogo. Siku mabomu yalipoanza kuanguka mtaani kwetu Uvira, sisi tulikimbia. Yeye alirudi nyuma, akawa anagonga mlango baada ya mlango: “Mutoke! Mutoke sasa!” Wengi walitoka. Yeye hakutoka. Tangu siku ile, mama yetu akisikia hata mlango umejibamiza anaingia chini ya kitanda, na hakuna wa kumtoa mpaka atoke mwenyewe.

Sasa siku moja mdogo wetu Asukulu, tuliyempoteza njiani tukamlilia kama maiti, akatokea Dzaleka akiwa mzima, na mfuko wa plastiki begani. Unaweza kufikiria furaha yetu? Bahati akatuita sote kwake Kawale tufanye sherehe. Tulipofika akatuonyesha fataki alizonunua Tsoka, zile za kurusha juu zinazopasuka kwa rangi.

Nilikasirika. “Shemeji, unamusahau mama?”

“Simusahau,” alisema. “Tangu tutoke Congo, kishindo chetu ni cha kufa tu. Nataka asikie kimoja cha kufurahi.”

Ungemjibu nini? Nikamwambia, kama ni hivyo, tufanye kwa utaratibu. Kule kambini tusingethubutu, kwenye paa za nyasi na plastiki, kati ya watu waliokimbia mabomu. Hata Kawale tulikwenda kwanza kituo cha polisi kuuliza. Afisa aliyekuwa zamu akatupa ruhusa na masharti yake: awashe mtu mzima peke yake, mahali pa wazi, mbali na nyaya za umeme, watoto wakae mbali, na tumalize mapema watu walale. “Na majirani muwaambie,” alisema.

Alasiri nikatoka kwenda kuwaambia majirani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja Mmalawi aliyekuwa anasonga nsima, ugali wa kwao. Nikaanza na Chichewa changu cha kuokoteza, akanikata kwa upole. “Zikomo, asante, nimeshasikia. Ndugu yako amepita hapa.”

Ndugu yupi? Mi sikumtuma mtu.

Nyumba ya pili alikaa mzee mmoja Mrundi. Mbwa wake alikuwa tayari amefungwa ndani. “Dada yenu anakwisha pita,” alisema. “Ameniambia nifunge mbwa. Amesema: ikilia, mujue ni furaha, haiko vita.”

Nyumba ya tatu ikawa hivyo hivyo. Ya nne pia. Nikarudi kwa yule mama wa kwanza, nikamuuliza huyo mtu yukoje. Mrefu, alisema. Ana mwanya. Anacheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Pindo la kitenge chake limelowa maji. “Na anaongea Chichewa vizuri kuliko wewe!”

Niamini ninachokwambia. Hiyo ilikuwa picha ya Faida. Na Faida alikufa kabla yetu sisi kukanyaga Malawi. Chichewa alijifunzia wapi?

Nilijiambia watu wanafanana. Jua likazama, nikawa uani natia mchanga kwenye debe la kusimamishia fataki. Nyuma yangu nikasikia ndoo inatuliwa chini.

“Maji yenye muliweka haitoshi.”

Niligeuka. Alikuwa yeye. Hakuwa amezeeka hata kidogo.

“Mama umushike mukono,” alisema, kwa sauti ile ile ya kunituma dukani tulipokuwa wadogo. “Mbele ya kila moja umuambie: sasa inakuja. Kishindo chenye mutu anajua kinakuja, hakimuvunje. Na ile yenye itakataa kuwaka, mutu asiirudilie. Umuambie Bahati. Ule mwanaume hana subira.”

“Faida,” nilisema, “unakaa wapi?”

Akafunika mdomo, akacheka. “Niko napita tu.”

Mama akaniita kutoka ndani. Niligeuza kichwa mara moja tu. Nilipoangalia tena, ilibaki ndoo peke yake, imejaa, na maji yake yalinuka ziwa la kwetu, harufu ile ya asubuhi dagaa wanapoanikwa.

Nilimwambia Bahati habari ya fataki isiyowaka. Habari ya mke wake nilishindwa kumwambia. Wewe ungeanzia wapi?

Giza lilipoingia, watu wakasimama mbali, ukutani. Mama nikamketisha mlangoni na mkono wake nikaushika. Bahati akawasha ya kwanza kwa kijiti kirefu, uso ameugeuza, akarudi nyuma haraka.

“Mama, sasa inakuja.”

Alinibana vidole mpaka nikauma meno. Fataki ikapanda, ikapasuka nyekundu juu ya mabati ya Kawale. Na majirani, kwa kuwa walikuwa wanangoja, wakapiga vigelegele katika kila ua! Mama akainua macho. Ya pili, akanibana kidogo. Ya tatu, ya kijani, akasema, “Ee, nzuri.”

Halafu moja ikakataa. Bahati alingoja kidogo, akaanza kuiendea, ameinama. Nilipiga kelele, “Acha!” lakini vigelegele vilinimeza. Ghafla nikamwona anasimama, kama mtu aliyegongana na mwenzake mlangoni. Akarudi hatua moja, na nyingine, akaanguka kwa makalio. Papo hapo ile fataki ikalipuka pale pale chini, mahali ambapo uso wake ungekuwa.

Asukulu akaimwagia maji ndoo nzima. Mi nilimkimbilia Bahati. Hakuchubuka hata kidole. Lakini kifuani, kwenye shati lake kavu, kulikuwa na alama ya kiganja, imelowa, vidole vyote vinaonekana. Akavuta shati, akalinusa, akaanza kulia kama mtoto.

“Njo yeye,” alisema.

Mama kutoka mlangoni akajibu, ametulia kabisa, “Mi nilimuona. Alikuwa anacheka.”

Tangu siku ile mama haingii tena chini ya kitanda. Radi ikipiga anauliza tu kama nguo tumeanua. Bahati, aliyekuwa ameapa hataoa tena, alioa binti wa Kirundi pale pale Kawale, wakapata mtoto wa kike. Tulitaka tumwite Faida. Mama alikataa. Alisema hilo jina mwenyewe bado analitumia.

Basi wewe unayenisikia, ukitaka kuwasha fataki nyumbani kwako, uliza polisi kwanza. Weka maji. Gonga milango ya majirani, na kwa yule aliyekimbia vita gonga mara mbili. Ile iliyokataa kuwaka iache, ngoja sana, halafu uiloweshe ukiwa mbali. Usitegemee kwamba na wewe una mtu wako wa kuja kukusukuma kifuani. Wetu aliamka. Wako huenda amelala vizuri, na ni haki yake. Usimsumbue.