Bendi Iliyokuwa Mgongoni Kwangu

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze. Ilikuwa miaka ya tisini. Niliomba kibarua cha ulinzi uwanjani Wembley, London, kwa sababu moja tu: bendi ya roki tuliyoipenda mimi na marehemu kaka yangu Kazungu ilikuwa inakuja kupiga hapo. Kule Malindi tulikuwa na kaseti yao moja, tukiirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe.

Nikajiona mjanja, nitawaona bure. Kumbe mlinzi huwatazama watu, jukwaa huligeuzia mgongo!

Nilivumilia nyimbo tano. Ulipoanza wimbo alioupenda Kazungu, shingo iligeuka yenyewe. Walikuwa wamezeeka, vipara vinang'aa, ila sauti ya gitaa ilikuwa ile ile ya chumbani kwetu. Nikaikumbatia redio yangu ya mkononi, ile ya kuwasiliana na walinzi wenzangu, nikaimba kwa machozi, "Kazungu, unawaona lakini?"

Nilipoiachia nijifute uso, redio ikakoroma. Alikuwa msimamizi wetu, Mama Atieno.

"Kahindi, ulikuwa umebana kitufe. Walinzi wote tumekusikia tangu ubeti wa kwanza. Na huyo Kazungu yuko geti gani? Mwambie naye ageuke."