Kompyuta Isiyokwenda Pap Onditi

Hebu mtazame Absalom akija. Anatembea kando ya mkokoteni, mkono mmoja juu ya boksi, na kila gurudumu likiingia shimoni anasema "pole, pole," kana kwamba aliyebebwa ni mtu. Ni Mei, 1997. Majirani wametoka milangoni kuona. Anawasalimia, lakini hasimami.

Ndani ya boksi mna kompyuta ya mezani. Ile ya kwanza iliuawa na radi. Ninyi mnaozijua radi za Kisumu sina haja ya kuwaeleza. Aliyeitumia ni mkewe, Perez, aliyepiga taipu ofisini miaka kumi na tisa hadi figo zilipomrudisha nyumbani. Vidole vilikuwa vimevimba, kalamu haikushikika tena, ila vitufe vya kompyuta ni vyepesi, aliviweza. Alitaka kuwaandikia binti zake wawili, Milka na Rosa, kila mmoja barua yake, apewe akimaliza shule. Absalom alisema ataandika yeye, mkewe amtajie tu. Perez akakataa. Kuna mambo ya mama na binti, alisema, ambayo hayapiti mkononi mwa baba.

Basi Absalom akaenda kwa Khaemba, fundi aliyeuza kompyuta kuukuu karibu na stendi. Khaemba alikuwa nazo mbili, bei ileile: ya mezani, yenye kioo kipana, na laptopu nyeusi ambayo betri yake ilishika saa mbili.

"Mzee," alisema Khaemba, "hii kubwa ni ng'ombe, haitoki bomani. Hii ndogo ni kuku. Unaitia kwapani mpaka hospitali, mpaka ushago."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu. Mnajua kwetu mgonjwa akirudishwa ushago, kijijini kwao, baada ya hospitali kumchoka, ndugu wanaanza kufyeka nyasi za uwanja, na hakuna anayetaja mazishi.

"Mke wangu haendi popote," alisema Absalom. "Nipe hii ya kukaa."

Perez alipoiona mezani alicheka mpaka akakohoa. "Baba Milka, umeniletea mke mwenza mnene hivi?"

Kesho yake akaanza, na Milka kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Mistari minne, mitano, kisha analala. Absalom alipita mbali na kile kioo, kama unavyompita mtu anayeoga.

Wiki ya tatu barua ya Milka ikaisha. Asubuhi iliyofuata Perez akasema anataka kwenda nyumbani ushago, Pap Onditi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chai. Absalom akajifanya hakusikia. Perez akarudia.

"Na barua ya Rosa?"

"Nitaimalizia huko."

Huko hakukuwa na stima. Nguzo za umeme ziliishia sokoni. Absalom akairudisha kompyuta kwenye mkokoteni, akaikimbiza kwa Khaemba wabadilishane. Laptopu ilikuwa imenunuliwa na mwalimu mmoja wa Maseno, siku nne tu zilizopita. Siku hiyo Khaemba hakutania. Alimsaidia kupakia tena.

Perez aliishi Pap Onditi siku tisa. Alijaribu kalamu, ikamponyoka. Siku ya saba alimwita Absalom akae karibu na kitanda, aandike. Akasema, "Rosa mwanangu," kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Aliona haya. Akasema wataendelea kesho, na kesho yake sauti haikuwapo.

Mwaka uliofuata Milka alimaliza shule, akapewa barua yake, imechapwa karatasini. Aliisomea nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, na tangu siku hiyo anatembea kama mtu mwenye mama. Rosa, aliyekuwa na miaka kumi, aliyaona yote. Hakulia. Alimfuata baba yake shambani akamuuliza, "Baba, yangu iko wapi?"

Absalom akamwambia, ukimaliza shule.

Anayo karatasi moja ndani ya Biblia, ina maneno mawili, kwa mwandiko wake yeye. Kompyuta bado inafanya kazi. Jioni nyingine anaiwasha, anakaa mbele yake, vidole juu ya vitufe. Wewe ungempa Rosa karatasi ile ilivyo, au ungemwandikia mengine yote na kusema ni ya mama yake?