Mimi Ndiye wa Sita Darasani

Ndugu mwenye ukurasa, jina langu lifiche tafadhali, mji wetu wa Kasongo, huku Kongo, una masikio mengi.

Nina miaka kumi na minane, ni kijana wa Kiislamu wa hapa mjini. Baba alishafariki, mama ndiye aliyenilea. Nasoma sekondari ya mapadri, na msidhani ni shule kubwa. Darasa letu la juu tulianza wengi, wengine wakaoa, wengine wakarudishwa shamba la pamba, tukabaki sita. Watano ni Wakristo, watoto wa wakulima wa vijiji vya Lusangi na Wamaza. Mwislamu ni mimi peke yangu.

Mwezi uliopita padri mkubwa alitutangazia kwamba darasa lisilofika watu sita litafungwa, sote turudi makwetu. Kisha akaniita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba asiyebatizwa kufika Pasaka hataendelea na masomo. Nilitoka pale nimechoka, hata njia ya nyumbani nikaiona ndefu.

Tangu hapo sina raha. Wenzangu hawanigombezi, na hilo ndilo linaloniumiza. Wananifagilia zamu yangu, wananiachia kipande kikubwa cha muhogo. Yule ninayekaa naye dawati moja, rafiki yangu hasa, alinivuta pembeni.

"Weye ukitoka, siye wote tunarudia pamba," aliniambia. "Ni mayi tu ya kichwa, itakauka."

Mayi ni maji, yaani yale ya ubatizo. Baba yake aliwahi kuchapwa viboko kwa kutotimiza pamba hiyo hiyo ya lazima ya serikali, namwelewa.

Wiki iliyopita wazazi wao walikuja kwetu na kuku wawili kumbembeleza mama akubali nibatizwe. Mama akawapikia kuku wao wale wale, wakala wakashiba, ndipo akawaambia, "Mutoto wangu haiko kiti ya kujazia kilasi." Wakashukuru kwa chakula, wakaenda zao.

Mama alidhani yamekwisha. Kesho yake nikamwambia mama kwamba mimi bado nafikiria. Hakunifokea wala hakulia. Kwetu tunakula sinia moja, mama, dada zangu na mimi. Tangu siku ile mama ananipakulia peke yangu, kwenye sahani ya wageni.

Pasaka inakaribia, nami nimechoka, jamani. Ninyi mlio wazazi, na ninyi mliosoma kwa mapadri, niambieni nishike lipi. Ila msikawie kunijibu, nisije nikaizoea hiyo sahani.