Mnaouliza kusomea uhifadhi kuna kazi gani: niliyoyaona Lufingo nikiwa mbeba hema

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa migombani.

Kila nikiingia humu nakuta kijana anauliza kama kusomea baiolojia ya uhifadhi chuo kikuu ni kupoteza muda. Mimi shule niliiacha darasa la sita, cheti sina cha kuwaonesha. Ninacho nilichokiona kwa macho haya, na chumvi sitaongeza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yamefunguka, mitumba imejaa, na serikali imeacha kumpangia kazi kila anayemaliza chuo.

Nilifika Tukuyu juu ya lori lililokuwa linafuata ndizi. Mimi sikuwa mtu wa kukaa mji mmoja. Nikishajua watu wake wanakula nini na wanagombania nini, naondoka.

Pale Ibighi, humo humo Tukuyu, nikapata kibarua cha kupakua mizigo kwenye duka la mabati na misumari la Mzee Kondo. Binti yake Subira alikuwa chuo kikuu, ndiyo hiyo baiolojia ya uhifadhi. Alikuwa amerudi nyumbani kufanya field, yaani utafiti wa chuo: kwa nini kima wa msitu wa Rungwe wanavamia mashamba ya mahindi.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, na wakati ule hofu yake ilikuwa na akili.

"Zamani ungesoma chochote, serikali ikakupa meza," alimwambia. "Sasa hivi kila mtu na lwake. Nani atakuajiri umtazamie kima?"

"Baba, kazi zipo."

"Haya. Nenda huko Lufingo kwa kima wako. Nitakuja mwenyewe kukuchukua, na nikifika unioneshe hiyo kazi. Nisipoiona, mwaka wa mwisho huendi. Unakaa hapa dukani."

Nikajitolea kumbebea hema. Mzee akanitazama. "Na wewe unafuata nini?"

"Nataka kujua kima anasomewaje, mzee."

"Wehu wawili," akasema, akarudi kwenye misumari yake.

Kule Lufingo, Subira aliitisha kikao uani kwa mwenyekiti wa kijiji. Wanaume wakajaa, na kila mmoja wimbo wake ni ule ule: kima wanakula kila kitu, kila shamba, kila siku, dawa ni kufyeka msitu.

Subira akauliza, "Mashamba analinda nani?"

"Wake zetu."

"Wako wapi?"

Mmoja akakohoa, mwingine akatazama kofia yake.

Kwa msiojua: kwa Wanyakyusa, mke hamkaribii baba mkwe. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia migombani mpaka apite. Si baba mkwe tu, hata wazee wa rika lake anawakwepa hivyo hivyo. Na yule mwenyekiti, ukihesabu wanawe na wana wa ndugu zake, karibu kila mke wa upande ule alikuwa mkwe wake.

Familia ya Subira ni Waislamu wa biashara, si Wanyakyusa. Mila hiyo alikuwa anaiona tangu utoto, ila hakuwahi kufikiri ingeingia kwenye utafiti wake. Tulipotoka pale alijishika kichwa, akacheka.

"Nimekulia hapa hapa, halafu naenda kuita wanawake uani kwa baba mkwe wao!"

Akamrudia mwenyekiti, akamwomba ruhusa kwa heshima zote, akahamishia kikao kwenye migomba ya bondeni, wanakochota maji. Wazee hawapiti kule.

Wakuu, walikuja! Na walivyoongea!

"Hao kima wanatudharau sisi," alisema mama mmoja. "Nilivaa koti la mume wangu, wakakimbia. Kesho yake wakagundua, wakakaa mtini wananiangalia."

"Afadhali kima," mwenzake akadakia. "Akishiba anaondoka. Huyo mwenye koti je?"

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Khanga tu nikaziona zikizama migombani.

Mzee Kondo alikuwa anashuka bondeni. Pikapu ya kubeba vitu vya binti yake ameiacha barabarani.

"Wananikimbia mimi? Nina ukoma?"

"Wewe ni rika la mwenyekiti, baba," Subira akasema. "Kwao wewe ni baba mkwe."

"Sasa?"

Subira akavuta pumzi. "Sasa naomba ukakae kule nyuma ya migomba. Na usikohoe."

Nilidhani dunia inaisha. Mzee mzima, mwenye duka, anaambiwa na bintiye akajifiche! Alisimama pale, akatazama ile migomba, akamtazama mtoto wake. Kisha akaenda. Nikamfuata, tukakaa kwenye majani makavu kama watoto waliofukuzwa jikoni.

Wanawake wakarudi mmoja mmoja.

Subira hakuuliza habari ya kima kwanza. Aliuliza kila mmoja shamba lake limepakana na nini. Akasubiri. Hakumkatiza mtu. Polepole ikaanza kujitokeza: mahindi yanayogusa msitu yanaliwa sana, yaliyotenganishwa na msitu kwa shamba la chai yanaguswa kidogo. Chai kima hali, na hapendi kuvuka mahali peupe. Akawauliza tena kwa njia nyingine, kuhakikisha, kisha wakaanza kupanga wenyewe nani ahamishie mahindi wapi.

Mzee akaniinamia sikioni. "Umesikia anavyouliza? Hivyo ndivyo mteja anavyoulizwa."

Kikao kilipoisha alibaki amekaa. "Nitoke?"

"Bado, baba. Kuna mama anachota maji."

Akangoja. Alipotoka amejaa majani mgongoni, Subira akamuuliza, "Kazi umeiona?"

"Nimeionea wapi, na umenificha migombani?" Akajipangusa. "Nimeisikia."

Pikapu ilirudi Ibighi na mikungu ya ndizi waliyotuzawadia wale akina mama. Vitu vya Subira vilibaki hemani. Mwaka wa mwisho alikwenda.

Baadaye alifanya kazi na vijiji vinavyopakana na hifadhi, kisha akawa anakagua athari za mazingira kabla barabara haijachongwa. Sasa anafundisha. Wenzake wengine wako mbugani, wengine kwenye bustani za miche, wengine maabara.

Kwa hiyo vijana, kasomeni. Wanyama mtafundishwa darasani. Ila ajira yenyewe, kwa nilivyoona, ni ya anayejua kikao akiweke wapi.

Mliosomea fani hii, tupeni yenu: kikao chenu cha kwanza mliharibu wapi?