Zima-Washa na Rekodi za Jumapili

Hospitalini walimwita Zima-Washa, na jina lenyewe alilipenda. Kompyuta ikigoma, fundi huyu hakuwa na maswali: anazima, anawasha, anaondoka zake akipiga mluzi. Jumatatu asubuhi alifanya vivyo hivyo kwa kompyuta ya Linux inayolinda friji la damu na kupiga kengele likizima. Aliikuta imeganda. Akabonyeza kitufe, ikaamka, basi.

Kumbe friji lilikuwa limezima tangu Jumapili, damu yote imeharibika. Mama mmoja aliyetoka kujifungua alifariki akiisubiri.

Lawama zikamwangukia nesi wa zamu, dada wa mke wake. "Kengele haikulia, shemeji," alimwambia, macho mekundu. "Wanasema ililia, nikauchapa usingizi. Si mashine inaandika kila kitu? Waonyeshe ilivyoganda."

"Ondoa shaka. Dakika tano tu."

Dakika tano, wapi! Akaomba rekodi za kabla ya kompyuta kuwashwa: hakuna. Akaorodhesha mara zote ilipowashwa. Ukaja mstari mmoja, wa Jumatatu, kazi ya kidole chake. Akajaribu kwa ruhusa ya msimamizi, yale yale. Folda ya kutunzia rekodi kwenye diski haikuwepo. Akafungua faili la mipangilio. Rekodi zote ziliwekwa kwenye memori tu, na kompyuta ikizimwa zinafutika. Pembeni pameandikwa: "Diski inajaa, wananisumbua." Maneno yake mwenyewe, ya mwaka jana. Ushahidi wa shemeji yake ulikuwa mle ndani mpaka alipobonyeza kitufe. Mjinga we!

Mbele ya kamati ya uchunguzi, mganga mkuu akamuuliza, "Haya fundi, rekodi zinasemaje?"

Nesi akamgeukia. Masikini, alikuwa hata anatabasamu kidogo.

Zima-Washa akawaza watoto wake watatu, akawaza kibarua kuota nyasi. "Rekodi hazipo, daktari."

"Kwa nini?"

"Mashine hizi ndivyo zilivyo."

Nesi akafukuzwa kazi siku ile ile, na kifo cha yule mama kikaandikwa kwenye faili lake. Jioni mke wa fundi alitenga chakula, sauti imemkauka kwa kulia.

"Dada anakushukuru sana," akasema. "Anasema pale kazini ni wewe peke yako uliyemhangaikia."

Zima-Washa akanawa mikono, akala.