Henriette Alipofasiri Sinema ya Karani

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika kwangu, mtaa wa Kingstanding huku ugenini, kwa likelemba, mchango wetu wa zamu, na Henriette akawa anatufasiria sinema ya Kifaransa. Mama huyu wa Néhémie alisoma kwa masista huko Bukavu. Sisi wengine, watu wa milima ya Fizi, Kifaransa chetu kiliishia kwenye salamu. Siku za kazi alisafisha ofisi mjini na hakuna aliyemwona. Jumapili sauti yake iliifuata ya televisheni kwa nyuma kidogo, kama mtu anayeongea usingizini, nasi tukaenda nayo.

Ilikuwa Februari 2004. Sinema ilikuwa ya zamani, haina rangi. Karani wa benki ameiba, anagawa bahasha za pesa, na mji mzima unapokea: daktari, padri, hata mama mkwe wake. Theluji ilianguka humo pole pole, na mwanga wa dirishani kwangu ulikuwa wa kijivu kilekile, hata nikawa sijui tena chumba kinaishia wapi.

Lakini moyo haukutulia. Jana yake nilikuwa na Henriette dukani kwa Billow, Coventry Road. Alitoa noti ya pauni ishirini, ile aliyopata kwa kuuza cherehani yake. Billow aliiweka chini ya taa ya buluu ya kupimia noti, akatikisa kichwa, akamrudishia kwa heshima. Henriette akaikunja, akaitia tena kwenye pochi. Nilijua hana nyingine.

Sasa kikapu kilikuwa kinazunguka. Kwetu kikapu hufunikwa kitenge, na kila mtu huingiza mkono chini yake, ili aliyepungukiwa asiaibike. Hakuna anayetazama. Zamu ya kupokea ilikuwa ya Jeannine, ambaye karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado hazijatoka. Akikutwa mahali na noti ya uongo, nani atamwamini? Nilitaka kusema, nikaogopa kumwaibisha Henriette mbele za watu. Nikabaki nautazama mkono wake.

Uliingia chini ya kitenge, ukakaa humo. Kwenye sinema karani alikuwa mezani na mkewe, ameinamia supu.

"Anasema," Henriette akafasiri, taratibu, "hii feza niliyoshika ni ya uongo. Nilijua, na nikataka kumpa mwenzangu."

Mdomo wa karani ulikuwa umefungwa.

Jeannine haachi utani hata kanisani. "Mama Néhémie," akauliza, "huyo bwana anaongea kwa pua?"

Hakuna aliyecheka. Henriette akautoa mkono, noti bado imo vidoleni, akamwekea Jeannine mapajani. Akasema ataleta ya kweli Ijumaa akilipwa. Jeannine aliiinua kwenye dirisha, akaitazama kwa muda kama mtu anayetazama picha ya ndugu, kisha akaichana. Ijumaa si mbali, alisema, yeye karatasi za serikali amezisubiri miaka mitatu. Akajisogeza kwenye kochi, Henriette apate pa kukaa.

"Sasa tuambie vizuri. Alisema nini?"

Henriette akafuta macho, akageukia televisheni.

"Bado hajasema. Bibi yake ndiye anamuuliza, hili koti jipya limetoka wapi."

Sote tukamngoja karani ajibu.