Vitepe Sabini na Viwili

Kwa miaka ishirini na tisa Marjorie Oldroyd alishona majina ya watoto wa watu. Katika ile shule ya binafsi ya Yorkshire alikofanya kazi, kila nguo ya mwanafunzi ilibeba kitepe chenye jina lake, hata soksi, na vitepe haviagizwi mpaka mtoto apate nafasi. Sheria hiyo Marjorie aliijua kuliko yeyote.

Lakini mjukuu wake Jodie alipofaulu mtihani wa kuingia, furaha ilimpanda kichwani. Mtoto aliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki! Karo hawakuiweza hata kwa ndoto, ila shule ilikuwa na mfuko wa ufadhili, na mwaka huo ilikuwa ikichangisha kwa mambo mawili: bwawa jipya la kuogelea, na karo za watoto wasiojiweza. Marjorie hakungoja barua ya majibu. Aliagiza vitepe sabini na viwili, Jodie Oldroyd, kwa uzi mwekundu.

"Bibi, na wakinikatalia je?"

"Wakukatalie wewe, uliyewaburuza wote kwenye hesabu? Thubutu! Lete hiyo sweta."

Siku ya chai ya mchango Marjorie alipewa kazi ya kugawa keki. Akamsikia mzee mmoja, mwanafunzi wa zamani, akimuuliza mwalimu mkuu, Bwana Thackray: "Nikichangia bwawa, jina langu mtaliweka wapi?"

"Ukutani, bwana. Kwenye kibao cha shaba."

"Na nikichangia ufadhili?"

Mwalimu mkuu akakohoa. "Huko hakuna ukuta, bwana. Kuna mtoto tu."

"Basi niandikie bwawa."

Ebo! Eti mtoto tu! Marjorie nusura aangushe sahani. Na wenzake yule mzee wakamfuata mmoja mmoja, wote bwawa, bwawa, bwawa, huku midomo imejaa keki aliyoikata yeye.

Barua ya Jodie ililetwa na Bwana Thackray mwenyewe, mpaka chumba cha kushonea. Tuseme haki, mtu huyu aliumia.

"Bi Marjorie, nimewaomba mpaka nimekauka koo. Mfuko wa ufadhili mwaka huu hautoshi hata mtoto mmoja. Nisamehe."

"Nimekusikia, bwana. Niache nishone."

Hakushona kitu. Alikwenda nyumbani, akaitoa ile sweta, akaanza kufumua kitepe. Jodie alisimama mlangoni, kisha akaja kumshikia taa ya meza ili aone vizuri. Hapo ndipo moyo wa Marjorie ulipovunjika.

Septemba bwawa likafunguliwa. Jodie alikuwa ameshaanza shule ya mtaani, na Marjorie akaagizwa kushona mapazia ya vyumba vya kubadilishia nguo. Majina ya shaba yalimeta ukuta mzima. Alipofika pazia la mwisho alitoa mfukoni kile kitepe cha sweta, akakishonea ndani ya pindo, asikoweza kukiona mtu. Akakata uzi kwa meno, akakaa pale kwenye benchi akilia.